Paka wa Fundi Saa

Nyumbani, 4 Februari

Wifi,

Mbegu zimefika. Ulivyozifunga kwenye kipande cha shuka na kushona pande zote nne, nilichukua robo saa kuzifungua, na mimi ndiye fundi cherehani. Kama ulikuwa unamwogopa mtu wa posta, basi kazi yako haikuwa ya bure.

Umeuliza kwa nini siku hizi sipigi simu. Tukumbushane. Mara tatu mfululizo tulizungumza, na mara tatu mmoja wetu alikata. Tukakubaliana tuandikiane, kwa kuwa barua haikatwi katikati ya sentensi. Mimi nimeshika ahadi.

Sasa ya bustani. Ile miche sitini ya pasheni uliyoiotesha ulipokuja likizo imebaki arobaini na saba. Sijaiua mimi. Ni paka. Asubuhi nilikuta kitalu kimechimbuliwa kama kuna mtu aliyepoteza pete. Ule udongo uliouchekecha kwa mikono yako ukawa laini kama unga, ndio wanaoupenda. Paka akiona udongo laini anajua ametandikiwa. Anachimba, anajisaidia, anafukia kwa adabu zake zote, na mche unabaki mizizi juu.

Ni wa jirani yetu, Fundi Saa. Tangu mkewe afariki wamefika sita. Nimeweka maganda ya machungwa, wakayanusa na kuchimba pembeni. Nimepanga chupa za maji, mmoja amezigeuza kioo, anajitazama. Kesho naweka matawi ya miba.

Usinune. Nitawaweza.

Wifi yako wa cherehani


Hospitalini, chumba cha kufulia, 12 Februari

Wifi,

Sinuni. Nauliza tu.

Miche kumi na mitatu. Mimi hapa napokea mashuka mia mbili kwa siku, na yakitoka mia na tisini na tisa, lile moja najua liliko kabla ya chai ya saa nne. Miaka ishirini na sita nasimamia chumba hiki, na sijawahi kukubali kuambiwa "ni paka".

Nyumba ile tuliachiwa na wazazi mimi na kaka yangu. Mungu alipomchukua mwaka juzi ukabaki wewe, mjane wake, na sijakwambia utoke wala sitakwambia. Lakini bustani ni yangu. Mwakani nastaafu, na wenzangu wakiniuliza nitaishi kwa nini nawaambia pasheni ndiyo pensheni yangu. Wanacheka. Mimi sichekeshi.

Kwa hiyo sheria ni moja: paka asipewe hata mwiba wa samaki ndani ya ua wangu. Ukimlisha mara moja umemwandikia mkataba. Funga wavu. Huyo Fundi Saa nimemwandikia mwenyewe, barua yake iko kwenye posta ya leo.

Na jambo dogo. Umejuaje kwamba ni sita? Mtu akihesabu paka wa jirani anakuwa amesimama upande gani wa ukuta?

Wifi yako wa mashuka


20 Februari

Dada yangu uliye mbali,

Barua yako nimeipata. Umeniita mfugaji wa majambazi. Niliisoma mara mbili, mara ya pili kwa ile lensi ninayotengenezea saa, nikidhani labda sikuona herufi vizuri. Niliziona vizuri.

Paka ni wa marehemu mke wangu. Aliniachia watatu pamoja na maagizo marefu. Wengine watatu walikuja wenyewe, nadhani walisikia habari. Yupo Karani, anayetembea kila asubuhi kana kwamba amechelewa ofisini. Yupo Bibi Harusi, mweupe, asiyependa kukanyaga maji. Mkubwa wao ni Makengeza, ambaye hulala juu ya meza yangu ya kazi, chini ya taa, katikati ya saa za watu, na hajawahi kudondosha hata skrubu moja. Ningeweza kusema hivyo kuhusu mafundi wachache sana.

Miche iliyoharibika naomba radhi. Ukuta nimeuongeza matofali mawili, nao wakaongeza kuruka. Lakini usiwe na wasiwasi tena. Mimi na wifi yako tumekaa tukazungumza, tumepata njia. Ningekueleza, ila amesema atakueleza mwenyewe wakati wake.

Ni mimi jirani yako,
Fundi Saa


Nyumbani, 2 Machi

Wifi,

Pokea habari njema, kwa sababu najua hujaizoea. Leo ni siku ya kumi kitalu hakijaguswa. Arobaini na saba ni arobaini na saba. Baadhi imeanza kutoa vile vikono vya kujishikia, nimeichomekea vijiti.

Wavu umesaidia, na miba, na mambo mengine madogo madogo. Usiniulize sana. Mpishi akiulizwa kila kitu chakula hupoa.

Cherehani inakwenda. Nimepata sare za shule, sketi thelathini, marinda manne manne. Nikifumba macho naona marinda.

Wifi yako wa cherehani


Hospitalini, 9 Machi

Fundi Bomba,

Natumaini u mzima na mgongo umepona. Mabomba ya nyumba yetu umeyatandaza wewe, na baba yetu ndiye aliyekupa kazi ya kwanza ulipokuwa huna hata spana yako. Ndiyo maana nakuandikia wewe na si mwingine.

Nenda nyumbani siku moja jioni, useme nimekutuma kuangalia bomba la bustani. Pita mlango wa nyuma kama kawaida yako. Usiulize kitu. Angalia tu, kisha uniandikie ulichokiona. Wifi yangu ananiambia mambo madogo madogo yamesaidia, na jirani ananiambia wao wawili wamepata njia. Nataka kuijua hiyo njia inaelekea wapi.

Dada wa mashuka


17 Machi

Mama,

Nimekwenda. Bomba ni zima. Nililifungua na kulifunga ili nisionekane nimefuata upepo.

Nilichokiona ni hiki. Nyuma ya banda la kuni, mwisho kabisa wa ua, kuna kisahani cha bati, na ndani yake vichwa vya samaki. Anayeweka ni wifi yako. Saa kumi na moja alitoka nacho, na paka wakapanga foleni kama wagonjwa wa huko kwenu.

Pili, pale pale kwenye kona kumemwagwa mchanga laini, hata toroli tatu unafika. Mimi ni mtu wa ujenzi. Mtu hamwagi mchanga kwa kupenda rangi yake.

Tatu, Fundi Saa alikuwa amesimama upande wa pili, viwiko juu ya ukuta, anamsimulia jambo. Wifi yako alicheka mpaka akakaa chini. Kicheko kile sijakisikia nyumba ile tangu msiba.

Kisha akaniona, akaniletea maji ya kunywa na kunishukuru kwa kufika. Mimi sisemi kitu. Umenituma macho, nakurudishia macho.

Fundi Bomba


Hospitalini, 24 Machi

Wifi,

Nimefurahi kusikia miche inapanda. Na wewe, una habari gani nyingine? Nauliza kwa wema. Mtu aliye mbali huwa wa mwisho kujua, na akijua anakuta watu wameshakula na kuosha vyombo.

Je, kuna mtu anayejenga hapo karibu? Au anayefikiria kujenga? Au kubomoa ukuta wowote?

Na Fundi Saa, hajambo? Mjane na mgane wakipakana ukuta, hata wasiposema kitu mtaa husema kwa niaba yao. Sikulaumu. Nauliza tu.

Wifi yako wa mashuka


Nyumbani, 31 Machi

Wifi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kujenga? Hakuna anayejenga hapa. Jirani wa mbele amepaka rangi mlango, kama hiyo ni habari.

Fundi Saa hajambo. Amerekebisha saa ya ukutani ya kaka yako, sasa inatembea. Hakutaka malipo, nikamshonea mfuko wa aproni. Hayo ndiyo yote. Mtaa ukisema, uambie uje ushone sketi thelathini kisha uone kama una muda wa kusema.

Wifi yako wa cherehani


Hospitalini, 5 Aprili

Fundi Bomba,

Nimemuuliza kwa upole, amenijibu hakuna anayejenga. Mchanga upo na jibu ni hilo. Na saa ya kaka yangu imeguswa bila mimi kuulizwa.

Sasa nisikilize. Nunua sumu ya panya. Siku ambayo wifi atakuwa amekwenda sokoni kununua nyuzi, ingia nyuma, uichanganye kwenye kile kisahani. Paka wakiisha, sababu ya kusimama ukutani itaisha, na miche yangu itapona moja kwa moja. Ni paka tu, hakuna mtu atakayeumia.

Nakuomba kwa jina la baba yetu aliyekushika mkono. Barua hii uichome.

Dada wa mashuka


14 Aprili

Jirani,

Nakuandikia ingawa kati yetu kuna ukuta tu, kwa kuwa sitaki kukuona.

Nimewazika wanne. Karani na Bibi Harusi niliwakuta kwako, kando ya kisahani chako. Mwingine alikuwa juu ya ukuta, hakuweza kushuka upande wowote. Makengeza alijikokota mpaka kwenye meza yangu na kulala mahali pake. Nilidhani amechoka. Nikaendelea na kazi kando yake, labda nusu saa, kabla sijamgusa.

Chakula kilikuwa chako. Saa ilikuwa ile ile. Nilikuwa naamini kwamba ulichokuwa unakifanya ni wema, na nilikuwa nakisifia kwa watu.

Waliobaki wawili nimewafungia ndani. Naomba usinisalimie.

Fundi Saa


Nyumbani, 15 Aprili

Wifi,

Kuna jambo limetokea na sina mwingine wa kumwambia.

Kwanza nianze na kosa langu. Ulikataza paka wasilishwe, nami niliwalisha. Ile miba waliiruka, wavu wakapita chini. Ndipo Fundi Saa akanieleza kwamba marehemu mkewe alikuwa akisema paka hafukuzwi mahali, huhamishwa. Mpe pazuri zaidi na umpe chakula upande huo huo, bustani ataisahau. Basi nikanunua mchanga laini, nikausukuma mwenyewe kwa toroli mara tatu hadi kona ya nyuma ya banda. Wakahamia huko, wote sita. Jioni niliwawekea vichwa vya samaki na kusimama pale mpaka wamalize. Hiyo ndiyo siri ya siku zile kumi. Nilikuficha kwa sababu ya ile sheria yako. Nilitaka uje, uione miche imebeba maua, halafu ndipo nikuchekeshe.

Juzi nilikwenda sokoni kununua nyuzi. Samaki walikuwa tayari kwenye kisahani, nimewafunika kwa ungo. Niliporudi niliufunua tu, nikaingia ndani kushona. Wanne wamekufa. Kuna mtu alitia sumu.

Naapa kwa kaburi la kaka yako, si mimi. Lakini nani ataniamini? Kisahani changu, samaki wangu, ua wetu. Wanawake wawili wamekuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavikata. Mwalimu wa sare amesema atasubiri kidogo, na sijui anasubiri nini. Leo nikipita dukani nilisikia jina langu jipya: Mama Sumu.

Niandikie haraka. Uniambie unaniamini, hata kama huna lingine la kusema.

Wifi yako


Hospitalini, 22 Aprili

Wifi,

Pole. Kazi ni nyingi huku, mashine mbili zimeharibika, ndiyo maana nimechelewa.

Usilitie moyoni sana. Paka hufa. Huenda walikula panya aliyekula sumu kwa mtu mwingine. Huenda mwenyewe Fundi Saa alichoka kuwalisha na sasa anatafuta wa kumtupia. Dunia ina watu wa kila namna. Mtaa utasahau, huwa unasahau.

Kumbe mchanga ulikuwa wa paka. Ungeniambia mapema.

Miche i mizima?

Wifi yako wa mashuka


26 Aprili

Mama,

Tangu siku ile nimeacha kupita mtaa wenu. Juzi nilikutana na wifi yako njiani, akaniuliza mgongo wangu unaendeleaje. Nilimjibu nikiangalia viatu.

Watu wanamwita jina baya. Nilidhani ni paka tu, kama ulivyosema. Nilijilazimisha kukubali kwamba ni paka tu.

Barua yako sikuichoma. Kiberiti nilikuwa nacho mkononi. Nikawaza, siku mambo yakiharibika, nani ataamini kwamba fundi bomba ana ugomvi na paka? Naomba uniambie nifanye nini. Nikikaa hivi nitaumwa.

Fundi Bomba


Nyumbani, 3 Mei

Wifi,

Miche i mizima, yote arobaini na saba. Imeshika waya.

Nina swali moja, na nakuomba unijibu hilo tu. Wewe unamdhania nani?

Wifi wa cherehani


Hospitalini, 11 Mei

Wifi,

Mimi niko mbali, nitamdhania nani? Moyo wa mtu ni kichaka.

Lakini kama nyumba ingekuwa mikononi mwangu ningechunguza wale wanaoingia kwa mlango wa nyuma. Mafundi wa kuja na kutoka, kwa mfano. Watu tuliowazoea ndio tusiowaangalia. Simtaji mtu.

Wifi yako wa mashuka


Nyumbani, 19 Mei

Wifi,

Asante kwa ushauri.

Wale paka wawili waliobaki hukaa dirishani kwa Fundi Saa, ndani ya kioo, wakiangalia nje. Mteja mmoja amerudi. Alikaa mlangoni, hakuingia.

Sina swali lingine.

Wifi


Hospitalini, 28 Mei

Wifi,

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu ziko kwenye ndoo ya taka, chini ya sabuni.

Juma lililopita lilipungua shuka moja. Nilimwita mama mmoja ninayefanya naye kazi mwaka wa kumi na moja sasa. Siku hiyo alikuwa amebeba mfuko mkubwa. Sikumuuliza, nilimwambia. Mbele ya wote. Akafungua mfuko, mlikuwa na kandambili za mwanawe. Bado sikuamini. Saa tisa fundi aliyekuja kutengeneza mashine alilivuta shuka nyuma ya pipa la kukaushia, limekunjamana kama ngozi ya nyoka. Nikamwambia yule mama, haya, yamekwisha. Akaniambia, "Asubuhi ulikuwa na uhakika. Ulipoliona, umesema yamekwisha. Kwako ndiyo yamekwisha." Akachukua beseni lake akarudi kufua.

Wifi, ni mimi. Sumu niliagiza mimi. Fundi Bomba aliiweka kwa sababu nilimshika kwa jina la baba, na jina hilo hawezi kulikataa. Nilimtuma kwanza akuchungulie. Akaniambia kuna mchanga, nikaona nyumba inajengwa. Akaniambia umecheka mpaka umekaa chini. Niliposoma hapo sikumfikiria paka wala pasheni. Nilimfikiria kaka yangu, kwamba sasa ndiyo amekufa kweli, hata kwako. Nikakasirika kama mtu aliyeibiwa, na sikuwa na wa kumkamata ila paka.

Ulipoapa kwa kaburi lake nilijua unasema kweli kuliko mtu yeyote aliyewahi kuapa, nami nikakujibu habari za mashine. Kisha nikakuelekeza kwa Fundi Bomba.

Sijui nikuombe nini. Nakuomba msamaha, kama upo. Na nakuomba umwambie Fundi Saa. Wewe una ulimi laini, unajua pa kuanzia, mimi nitaharibu. Mwambie kwa utaratibu, mwambie nilikuwa na hasira ya msiba.

Wifi yako


Nyumbani, 6 Juni

Wifi,

Nilijua. Fundi Bomba alikuja siku ya kwanza ya Mei, akasimama jikoni kofia mkononi, akaweka barua yako juu ya meza. Mwandiko wako hauhitaji lensi. Niliposoma "ni paka tu" nilikwenda nje nikakaa kwenye ule mchanga mpaka kukapoa.

Siku mbili baadaye nikakuuliza unamdhania nani. Nilikufungulia mlango. Ukanielekeza kwa yule yule mtu uliyemtuma. Hapo ndipo niliumia, Wifi. Kabla ya hapo nilikuwa nimekasirika tu.

Barua iko kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Ningeivusha ukutani siku ile ile na jina langu lingetakata kabla ya chakula cha mchana. Sikuivusha. Nilijiambia, huyu ni dada wa mume wangu, aibu yake imebeba jina la ukoo ninalotumia na mimi. Nikasema nimpe muda aje mwenyewe. Nimekaa na jina la Mama Sumu wiki tano nikikusubiri, huku ukinishauri nichunguze mlango wa nyuma.

Umekuja. Umechelewa, lakini umekuja, na sitasema hukuja.

Kuhusu kaka yako. Alikuwa ananichekesha. Ndiyo maana nilikubali kuolewa naye, wala si kwa uzuri wa sura, unamkumbuka alivyokuwa. Alipokufa nilidhani kucheka ni kitu chake, amekwenda nacho. Siku ile ukutani Fundi Saa alikuwa ananisimulia mteja aliyeleta saa iliyosimama, kumbe haijawahi kutiwa ufunguo tangu inunuliwe. Si hadithi kubwa. Lakini nilicheka, na nikiwa pale chini nikawaza, kumbe bado ninacho. Uliuliza kama naolewa. Hapana. Wala sikuwa nimewaza hivyo. Kama ningewaza baadaye, sijui, na sasa sitajua, kwa sababu mtu yule akinisikia napiga kikohozi anafunga dirisha.

Msamaha wako bado naushona. Usiniharakishe.

Lakini kumwambia Fundi Saa, hapana. Sitakusemea mimi. Ulimi wangu laini unanitosha kwa shida zangu. Na neno "hasira ya msiba" usilitumie kwake. Yeye naye ana msiba, na hakumuua paka wa mtu.

Wifi yako wa cherehani


Hospitalini, 14 Juni

Wifi,

Nimeomba ruhusa ya siku nne. Nafika Jumamosi kwa basi la saa tano. Usije stendi.

Fundi Bomba nimemwandikia kumwomba radhi. Yule mama wa hapa kazini nilimwomba mbele ya wale wale. Alinisogezea beseni.

Nikishuka nitakwenda moja kwa moja kwa Fundi Saa. Nitapita mlango wa mbele. Nitasema nikiwa bado nimesimama kizingitini, kwa kuwa nikishapewa kiti najijua, nitaanza kuzunguka. Nitamwambia ni nani aliyeagiza na ni nani aliyekuwa hajui. Majirani wakisikia, wasikie, ndilo ninalotaka. Akinifukuza nitafukuzika.

Baada ya hapo nitakuja kwako. Sitaingia kwa nyuma. Nitabisha, nikae nje juu ya begi langu, na wewe umalize mshono uliokuwa unaushona kabla hujaamua kama unafungua.

Wifi yako